Mawese Yalipoganda Ankara

Ankara, Uturuki
Jumapili mchana

Baba yangu,

Hodi nyumbani! Ni mimi Feza, binti yako, nagonga mlango kwa karatasi kwa sababu miguu haifiki. Mmeamkaje huko Kasongo? Mgongo umepunguza kukusumbua, au bado unainama juu ya pikipiki za watu kutwa nzima, halafu jioni unamwambia Mama kwamba kosa ni la kitanda? Mama naye, magoti yake yanamruhusu kwenda Nyangwe kununua samaki, au siku hizi anawangojea sokoni? Na bibi yetu Koko, bado anasikia yale tu anayotaka kusikia? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, nasoma. Baridi ya huku bado hatujazoeana, lakini tunavumiliana.

Najua utauliza kwa nini naandika barua wakati simu ipo. Baba, simu ya nyumbani ni ya ukoo mzima. Nikipiga, Mama anaweka sauti ya juu, Koko anauliza kama nimeshapata mume, jirani aliyekuja kuomba chumvi naye ananisalimia, halafu mtandao unakatika. Wewe mwenyewe, zamu yako ikifika, unasema, "Iko muzuri, soma," unarudisha simu kana kwamba inaunguza. Ninayotaka kukuambia safari hii hayawezi kupita hapo. Ndiyo maana nampa karatasi hizi dada mmoja wa Kindu aliyemaliza masomo yake na anarudi, naye atamkabidhi shemeji yake anayefika Kasongo mara kwa mara. Isome peke yako kwanza, ndipo umsomee Mama.

Nianze na habari njema. Nilikwambia tunatengeneza gari, ukacheka, ukafikiri ni maneno ya shule. Kweli Baba, ni gari. Halina paa wala milango, lina kiti kimoja, na dereva analala ndani yake kama mtu aliyejinyoosha kwenye mtumbwi. Kila chuo kikuu wanafunzi wanatengeneza la kwao kwa mikono yao, halafu siku ikifika wanakutana kushindana mbio, na waamuzi wanawauliza kwa nini walikata chuma hapa na si pale. Injini ni ya pikipiki, lakini si hizi zetu za kubebea magunia ya mchele. Hii ina pistoni nne. Ikiwashwa, unaisikia kifuani kabla ya kuisikia masikioni.

Kazi yangu mimi ni hewa. Kuanzia inapoingia kutoka nje mpaka inapokutana na petroli, njia yote hiyo ni yangu. Wenzangu wananiita mama wa pua.

Sasa sikiliza sheria yao, utacheka tena. Ili wanafunzi wasijiue kwa mwendo, wamesema hewa yote ya injini lazima ipite kwenye tundu moja la mviringo, dogo kiasi kwamba dole gumba lako haliingii. Injini inataka kupumua kama mtu aliyepanda mlima, wao wanaibana pua. Huruhusiwi kuongeza tundu jingine, hata la sindano. Kwa hiyo akili yote inakwenda kwenye umbo. Mdomo wa nje lazima uwe mpana na laini, ujikunje kama ua la boga. Kisha njia inabana mpaka kwenye lile tundu, kisha inapanuka tena polepole, polepole sana, maana ukiiharakisha hewa inaachana na ukuta na kuanza kuzunguka ovyo. Baada ya hapo kuna sanduku ambapo hewa inatulia, na kutoka kwenye sanduku mabomba manne yenye urefu mmoja, kila pistoni na lake, ili isiwepo inayopunjwa. Nilipokuwa nagawa yale mabomba nilimwona Mama kabisa, anavyokatakata samaki mmoja kwa watu wanane na hakuna anayelalamika.

Nilichora mara nyingi mpaka nikaota mabomba. Mwalimu wetu mmoja, mzee mwenye sharubu, alitazama ule mdomo mpana akauliza nilijifunzia wapi kuukunja vile, maana wengi wanaukata tu na kuuacha na ukingo mkali. Nikamwambia: kwa baba yangu. Akafikiri baba yangu ni profesa. Nikamweleza jinsi ulivyokuwa unakata shingo ya chupa ya plastiki kufanya mrija wa kumiminia petroli, halafu unaupitisha ukingo wake juu ya makaa, kwa mbali, mpaka ujikunje nje wenyewe. Nilikuuliza siku ile kwa nini unajisumbua, na ukanijibu, "Ukiacha ukali, petroli inakasirika, inatema. Ukilainisha, inaingia bila kelele." Yule mzee aliandika maneno yako kwenye daftari lake, Baba. Nilijisikia kama nimekuvalisha koti jipya.

Nakukumbuka. Acha niseme wazi, kwa sababu kwenye simu huwa naona haya. Huku kuna misikiti kila mtaa, na alfajiri adhana ikilia, kwa muda mfupi kabla sijafumbua macho niko Kasongo. Nasikia ule msikiti wa upande wa soko, kisha nangoja kengele ya parokia yetu iitikie, nangoja ufagio wa Mama uani, nangoja kikohozi chako na ile pikipiki ya kwanza inayokataa kuwaka. Kengele hailii. Nafumbua macho naona dirisha limeganda. Mwaka wa kwanza nililia kila mara. Sasa nalia mara moja moja tu, hasa Jumapili. Mchele wanao, na wanajua kuupika, siwezi kusema uongo, lakini nani atanitwangia majani ya muhogo anipe sombe? Nani atanipa ule ukoko wa sufuria tuliokuwa tunagombania? Nakumbuka hata vumbi. Vumbi jekundu la njia ya Kabambare, lile ulilokuwa unaliita adui yako wa pekee duniani, leo ningeletewa kopo moja ningelinusa.

Kitu kimoja tu ninacho cha nyumbani, ile chupa ya mawese aliyonitumia Mama kwa mkono wa mtoto wa mchungaji. Natumia kijiko kimoja kila Jumapili, nafunga, naficha nyuma ya vitabu. Na hayo mawese, Baba, ndiyo yaliyoniponza.

Ilikuwa siku moja kabla ya kulijaribu gari kwenye uwanja nje ya mji. Ni mahali pa changarawe, na wakati huu wa mwaka upepo unarusha vumbi. Mbele ya ule mdomo wangu tunaweka sponji ya kuchuja hewa, kama ile ya kwenye pikipiki ila kubwa zaidi. Unajua mwenyewe, sponji kavu ni mlango wazi, lazima ipakwe mafuta ili vumbi linase. Sasa kopo la mafuta yake lilikuwa limekwisha. Kiongozi wa kundi letu, msichana anayeitwa Zeynep, ambaye hata akikuomba maji unasikia kama umeamriwa, alisema tuiache kavu, ni siku moja tu. Mimi nikasimama kama wewe ulivyokuwa unasimama mbele ya wateja wenye haraka. Nikasema haiwezekani, vumbi halijali kama ni siku moja.

Nikaenda chumbani kwangu nikachukua mawese. Ulifanya hivyo mara ngapi, Baba, mafuta ya injini yalipokosekana mjini? Nikaosha sponji kwa mafuta ya taa, nikaikausha, nikaipaka mawese kidogo kidogo, nikaibana kwa viganja huku nasikia sauti yako nyuma ya kichwa: "Usisokote! Bana tu. Hii haiko nguo ya kufula." Karakana ilikuwa na joto la mashine, mawese yakaingia vizuri, sponji ikawa na rangi ya jua la jioni. Nikaifunga mahali pake nikiwa na kiburi kabisa. Nilijiona fundi pekee katika chuo kizima anayejua kazi.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi nilivunjika kwa kusikia nusu. Hata kwetu mawese huganda asubuhi za kiangazi zenye ubaridi, na Mama huyaweka juani kabla ya kupika. Nimelijua hilo tangu sijaanza shule. Gari lililala nje, juu ya tela, na asubuhi kulikuwa na sakitu, umande ulioganda, nyeupe kila mahali.

Tulipofika uwanjani, injini iliwaka vizuri, ikanguruma polepole bila tatizo. Dereva akakanyaga, ikakohoa, ikazimika. Akajaribu tena, ikakohoa, ikazimika. Tukakagua petroli, tukakagua nyaya, tukafungua hiki tukafunga kile. Saa zinakwenda, na uwanja ule tulikuwa tumeazimwa mpaka saa sita mchana tu.

Katika kundi letu kuna kijana mmoja mpole, Emre, anayeshughulika na kompyuta ndogo inayoiamuru injini inywe petroli kiasi gani. Siku iliyotangulia alikuwa amebadilisha tarakimu kadhaa. Basi Zeynep akamgeukia mbele ya watu wote.

"Nilikuambia usiguse kitu siku moja kabla ya majaribio."

"Niligusa kidogo tu. Haiwezi kuleta hivi."

"Kidogo kipi? Tazama gari!"

Wakati wanabishana mimi nilizunguka upande wa pili, nikafungua kifuniko cha sponji, nikatia kidole. Ilikuwa ngumu kama mshumaa. Mawese yalikuwa yameganda kila tundu, manjano, mazito, na yakanukia jikoni kwa Mama. Injini ilikuwa imebanwa pua na kitambaa. Nami, Baba, nikarudisha kifuniko polepole. Nikakifunga. Nilijiambia jua likipanda yatayeyuka yenyewe, hakuna atakayejua.

Hapo Emre akaniangalia. "Feza, wewe tulikuwa wote jana. Uliona nikikosea?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Ni neno moja tu, "Sijui." Na nilipolihisi ulimini niliitambua ladha yake, kwa sababu nilishawahi kulila. Nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, "Si Emre. Ni mimi. Nimeziba hewa kwa mafuta ya kwetu."

Zeynep akaja, akafungua, akakwangua kwa ukucha, akanusa. "Hii ni chakula?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akanusa tena. "Na ulikuwa unaificha peke yako?" Watu wakacheka mpaka wakashika magoti. Tukaiosha sponji kwa maji ya moto ya chai na sabuni, tukaikausha kwenye mashine ya joto ya gari la kuvuta tela, tukaipaka mafuta ya injini, ambayo siku iliyotangulia kiburi hakikuniruhusu kuyafikiria, na kabla ya saa sita gari lilikimbia. Lilikimbia kweli, Baba. Lilipita mbele yangu likinyonya hewa kwa mlio mmoja safi, na nilijua kila kona ambayo hewa ile ilikuwa inapita.

Juma lililofuata wakaguzi wakaja chuoni. Wana kipimo kimoja cha ajabu. Injini ikiwa inanguruma, unaziba ule mdomo kwa kiganja chako, na lazima izimike papo hapo. Ikiendelea kuishi, maana yake kuna ufa mahali inaiba hewa, na gari linakataliwa. Waliniambia nizibe mimi mwenyewe. Nikaweka kiganja, ikaninyonya mkono kwa nguvu, ikafa. Watu kumi na wawili wakapiga makofi na vigelegele kwa sababu injini imezimika. Ungekuwepo ungesema tumerogwa. Kila mtu alinipongeza, na mimi sikuweza kufurahi hata kidogo.

Nitakuambia kwa nini. Siku ile uwanjani, wote walipokuwa wanacheka, Emre hakucheka. Aliketi juu ya gurudumu, akashika kifua, akaniambia kwa sauti ya chini, "Asante. Nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba ni mimi." Alilaumiwa kwa muda usiozidi saa moja, Baba, na tayari alikuwa ameanza kuamini. Na kaka yangu, Yaya Mulamba, je?

Sasa keti, kama umesimama.

Unaikumbuka pikipiki ya Mzee Assani, yule mnunuzi wa dhahabu aliyetoka upande wa Kivu. Wewe huwezi kuisahau. Ilikuwa kiangazi, mimi nilikuwa mwaka wa tano wa sekondari, na kila mchana nilikuja karakanani kukusaidia. Aliileta tuitayarishe kwa safari ya kwenda Wamaza, mbele ya Kabambare. Yaya alibadilisha mnyororo na kukaza breki. Mimi nilipewa sponji. Niliiosha, nikaipaka, nikaiweka juu ya ukuta mfupi wa nyuma ichuruzike mafuta. Ndipo wenzangu wakapita barabarani wakapiga kelele kwamba matokeo ya darasa letu yamebandikwa. Nilikifunga kifuniko cha sanduku la hewa ili vumbi lisiingie, nikijua nitarudi sasa hivi, nikakimbia. Nilifunga sanduku tupu, Baba. Nilipoyaona majina, nilipowaona wenzangu wanaruka, nilisahau. Niliporudi jioni Mzee Assani alikuwa ameshaondoka, na sponji ilikuwa juu ya ukuta.

Ningepiga kelele palepale, mtu angemfuata kwa pikipiki na kumkuta njiani. Sikupiga. Niliichukua ile sponji nikaitupa chooni.

Wewe unayakumbuka yaliyofuata. Pikipiki ilirudi juu ya lori, imekula vumbi mpaka pistoni imechubuka kama goti la mtoto. Ulifungua sanduku mbele ya mwenyewe, ukalikuta tupu. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na pipa la maji, na mpaka leo nayasikia maneno yote.

"Mulamba, nani njo alifunga hii moto, hii pikipiki ya mutu?"

"Ni miye, Baba."

"Na sponji?"

"Nilikuta sanduku imefungwa. Nilijua iko ndani."

"Ulijua, ama uliona?"

Yaya akanigeukia. Hakuwa na hasira, ndilo linaloniumiza. Alinigeukia kama mtu anayeomba ashikiwe kitu kidogo tu. "Feza, weye njo uliosha ile sponji. Uliirudisha?"

Nikasema, "Niliirudisha, Yaya."

Wakati ule Yaya alikuwa anajiundia pikipiki yake kwa vipande vya kuokota, kila mtu anajua. Ukasema, "Basi ulitoa ya mutu ukatia ku moto yako." Akakataa. Ukamwambia aiache spana chini na asishike tena chombo chako. Kisha ukafungua pikipiki yako mwenyewe, ile uliyokuwa unaipenda, ukatoa pistoni na silinda yake ukampa Mzee Assani, na yako ikakaa juu ya matofali. Yaya aliondoka na wachimbaji waliokuwa wanakwenda upande wa Kabambare. Alibeba begi lile la bluu. Nilimsindikiza mpaka darajani na bado sikusema.

Huo ndio ukweli, sina mwingine. Yaya Mulamba hakuiba chochote. Kosa lake lilikuwa kuniamini mimi kwamba nikifunga sanduku, kilichomo kimo. Tangu siku ile macho yako yote yaligeuka kwangu. Ulisema nyumba hii imebaki na mtoto mmoja mwenye akili ya kazi. Ulinitafutia walimu, ukanisindikiza Kindu kufanya mtihani wa kuja huku, ukawaambia watu sokoni kwamba binti yako haachi kazi nusu. Nami nikayavaa maneno hayo. Miaka saba nimeyavaa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa maradhi ni yangu na aliyekuwa anakufa nayo ni mwingine.

Nimefikiria kuendelea kunyamaza. Nakuambia ili ujue wewe unalea mtu wa namna gani. Nilijiambia Yaya ameshazoea Wamaza, ana mke, ana banda lake la kutengeneza pikipiki kando ya njia, kwa nini nifukue? Halafu Mama akanipigia. Alikuwa peke yake kwa mara ya kwanza tangu nije huku, nadhani alijifungia jikoni, maana alikuwa ananong'ona. "Yaya yako amezala mutoto mwanaume. Amemuita Kitenge, jina ya baba yako. Nilimuambia baba yako, akanijibu, jina yangu haiko kitu ya kuokota mu njia." Kisha akalia, na mtandao haukukatika. Ningependa ungekatika.

Baba, umemkatalia mjukuu jina kwa sababu ya sponji niliyoitupa mimi. Nyumbani kwetu, tangu alipokuwepo Koko mwanaume, mwenye jina huenda mwenyewe kumshika mtoto. Wewe ulishikwa hivyo. Yaya alishikwa hivyo. Mimi pia, na yule bibi wa Nyangwe niliyepewa jina lake, ambaye mlisema alitembea siku mbili kwa miguu. Kitenge mdogo anaanza kukaa sasa, na bado hajashikwa na mwenye jina lake. Yaya angeweza kumpa mtoto jina la upande wa mkewe, hakuna ambaye angemlaumu. Amempa lako.

Naomba uende. Kiangazi kikishika njia itakauka, panda pikipiki ya mtu unayemwamini, funga kitambaa puani, lala Kabambare usichoke, kesho yake fika Wamaza. Uliza banda la Mulamba fundi. Ndani ya bahasha hii kuna nyingine ndogo niliyoifunga kwa gundi, imeandikwa jina lake. Nimemweleza yale yale niliyokueleza. Usimpe mtu mwingine aibebe, wala usimtume kijana wa pikipiki. Mpe wewe mkononi. Ukiona huwezi kunitazama tena kama zamani, nitaelewa. Ukitaka kuwaambia wale wa sokoni, waambie. Mimi nimeshamwambia Zeynep na Emre, na nitamwambia mtu yeyote atakayeniuliza.

Mama nisalimie, mwambie anisamehe kwa kumlisha uongo mezani kwake miaka yote hii, na mawese yaliyobaki nayala sasa badala ya kuyapaka. Koko mwambie mume bado, ila akili inaanza kuja. Shangazi muuza vitenge nisalimie, na mwanawe anayeimba kwaya. Msalimie fundi jirani yetu wa baiskeli, yule aliyesema siku ile kwamba Mulamba hana uso wa mwizi na ukamfukuza. Alikuwa anasema kweli. Umwombe radhi kwa niaba yangu.

Neno la mwisho, na unisamehe kama mdomo wangu umekuwa mrefu kuliko umri wangu. Wewe ni baba, utakwenda Wamaza na moyo wa baba, na nakujua, utataka kumwambia Yaya kwamba umemsamehe. Usimwambie hivyo. Yeye hana kosa la kusamehewa. Mshike mtoto, halafu umwombe Yaya msamaha wewe, kwa kuwa hukumsikiliza. Wangu nimeshauomba ndani ya bahasha, na sijui kama atanipa.

Mimi binti yako,
Feza